Fundi Aliyejua Nje Mbili

Kosa nitakalolieleza hapa ni kiburi cha mtu aliyesoma, ambaye kwa kuwa anaweza kuichora nyumba juu ya karatasi hudhani anajua pia namna watu wanavyokaa ndani yake. Nalitaja mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji. Mkosaji ni mimi. Yule ninayetaka kumchora hakuwa na kosa hilo. Alikuwa na mengine, nami sitayaficha, kwa maana mtu anayesimuliwa bila aibu zake huwa hakusimuliwa, amepakwa chokaa tu.

Tulimwita Fundi. Tabora ya miaka ile ya mwanzo wa uhuru ilikuwa na mafundi wa kila namna, wa cherahani, wa baiskeli, wa majembe, na waashi nao hawakuwa haba. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wa Mtendeni walijua unamsema yule mwashi mrefu mwenye kofia ya mkono iliyokwisha kugeuka rangi ya udongo, aliyetembea na timazi la kupimia wima wa kuta mfukoni kama wenzake walivyotembea na tasbihi. Ukoo wake siujui. Nilifahamiana naye kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo wote sikumsikia hata mara moja akitamka neno "kwetu".

Hakuanza kazi kwa kuchimba. Akipewa kiwanja, aliwahi alfajiri, akatandika mkeka katikati ya nyasi, akakaa. Jua lilipomfikia alihama, na kila alipohama alichomeka kijiti pale alipotoka. Kufikia magharibi kiwanja kilikuwa kimejaa vijiti, na yeye alikuwa amekwisha kujua kivuli kitalala wapi saa nne, wapi saa nane, na upepo wa kiangazi utaingilia upande gani na vumbi lake. Wapita njia walimwona mvivu. Mfanyabiashara mmoja wa kanga, aliyekuwa na haraka ya kuhamia nyumba yake mpya, alisimama barabarani akampigia kelele mbele za watu:

"Fundi, unajenga au unaatamia?"

"Naatamia," akajibu bila kuinuka. "Na wewe ndiye utakayekaa ndani ya yai. Niache."

Kesho yake alimwuliza mfanyabiashara huyo swali alilomwuliza kila mtu: "Katika nyumba hii, nani anakaa?" Yule bwana akajitaja jina lake kamili, na la baba yake. Fundi akatikisa kichwa. "Sikuuliza mwenye nyumba. Wewe utakuwa dukani mchana, na usiku utalala. Nauliza anayekaa." Aliyekaa, bila shaka, alikuwa mke. Ndipo Fundi akasimama mlangoni pa nyumba ya zamani, uso ameuelekeza barabarani kwa adabu, akaomba atolewe nje mkeka ambao mama mwenye nyumba huukalia uani. Aliupima kwa kamba, akafunga fundo, akaurudisha. Upenu wa nyuma, yaani ile sehemu iliyoezekwa kati ya vyumba na ua, ulijengwa kwa upana wa mkeka ule pamoja na shubiri mbili. Shubiri mbili zilikuwa za nini? "Za visigino," alisema. "Jua likimpiga mtu visigino, atakwenda ndani, na akishakwenda ndani nyumba imekufa."

Nimezitembelea nyumba zake nyingi, na sasa kwa kuwa ninaelewa, naweza kueleza ufundi wake. Ukiingia mlango wa mbele ulikutana na ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani, vyumba huku na huku. Milango miwili, wa mbele na wa uani, ilitazamana bila kupotoka hata kidole. Hivyo mtu aliyekaa uani aliuona mwanga wa barabara, na kila aliyepiga hodi alionekana umbo lake kabla hajasema jina lake, ilhali mgeni huyo alipochungulia hakuona ila mwanga. Kuta za ua zilizidi kimo cha mtu kwa kiasi kidogo tu, ziruhusu upepo na zikatae macho. Sakafu ya upenu ilikuwa chini ya ile ya ukumbi kwa upana wa kiganja, ili maji ya mvua yasipande, na ili mtu anayepepeta mchele apate kizingiti cha kuegemea.

Mbele ya nyumba palikuwa na baraza. Aliijenga pana, lakini hakupenda kuizungumzia. Alisema baraza ilijengwa kwa ajili ya mizigo. Nilipomtaka anieleze, alinionyesha barabara. Mji huu, alisema, uko juu ya njia ya misafara. Wapagazi walitoka pwani, wakatoka Ujiji, wakafika wamechoka na pembe mabegani, na mwenye nyumba hakumjua hata mmoja wao. Hakuweza kuwafukuza, kwa kuwa ni wageni. Hakuweza kuwaingiza, kwa kuwa ana familia. Basi akawajengea mahali pa kutua. Mtu usiyemjua hutua barazani, unayemjua huja ukumbini, na wako huja uani.

"Nje ni mbili, mwalimu," alimalizia. "Iko nje ya watu, na iko nje yako. Asiye na nje yake atakufa ndani."

Maneno hayo niliyaandika katika daftari, nikayapenda kama mtu apendavyo methali, lakini maana yake sikuielewa.

Sitaki msomaji afikiri kwamba alikuwa mtu mpole. Alimfukuza kibarua kwa kutema mate ndani ya udongo uliokandwa. Alibomoa ukuta wa siku mbili kwa sababu timazi lilitofautiana nao kwa unene wa ukucha. Alikuwa pia mwongo, na kwa uongo huo nilimlaumu zamani na namlaumu hata leo: mwenye nyumba akikataa shauri lake, Fundi hakubishana, alisema matofali hayajakauka. Matofali yakawa hayakauki wiki baada ya wiki, katikati ya kiangazi, mpaka yule mtu akubali. Yule mfanyabiashara wa kanga alitaka kuuziba ukumbi apanue duka. Matofali yakakataa kukauka kwa mwezi mzima. Mwisho Fundi akamwuliza, kwa upole wa mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Na jeneza lako, bwana, litapita wapi? Watu wanne, wawili kila upande?" Bwana yule alikasirika, akacheka, akauacha ukumbi.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni makao yake mwenyewe. Mtu huyu aliyewajengea wengine hewa na mwanga alipanga chumba kimoja nyuma ya ghala la asali, chumba kisicho na ua wala upenu, na dirisha lake dogo alikuwa ameliziba kwa gunia. Hakuoa. Alikula peke yake, mlango umefungwa. Nilipomsema, alinijibu: "Nje nimekaa mchana kutwa. Nikirudi nataka giza." Sikuridhika na jibu hilo. Nadhani alijua sana nini maana ya nyumba, na hakutaka kukaa katika moja iliyokosa wa kukaa ndani yake.

Sasa nije kwangu.

Baba yangu alifariki kabla ya uhuru, akatuacha mimi na Mama katika nyumba ya kale ya Mtendeni, nyumba ya udongo yenye ua mkubwa. Mama alikuwa msusi wa mikeka. Asubuhi alitandika uani, akalowesha ukili, akanyoosha miguu, na kufikia saa nne wanawake watatu au wanne walikuwa wamekwisha kumzunguka, huyu anachambua mchele, yule anasukwa nywele, na kicheko chao nilikisikia tangu barabarani nikirudi shule. Nilipomaliza chuo cha ualimu na kupewa shule, nilipata kiwanja huko Cheyo. Niliazimia kumjengea Mama nyumba ya kisasa. Niliazimia, naandika; yeye hakuwa ameomba.

Katika miaka ile sisi vijana wasomi tulikuwa na wivu mkubwa wa maendeleo. Nilikuwa nimesoma makala kuhusu nyumba bora, nikaviona vielelezo vyake: vyumba vyenye madirisha mapana ya vioo, jiko ndani, nyuma ukuta mzima. Nilichora ya kwangu kwa rula. Ua niliufuta kwa makusudi. Nilikuwa nimehutubia wanafunzi wangu kwamba ua ni mabaki ya zama za watu kuwaficha wake zao, na mhubiri hana budi kuanza kwake.

Nilimpelekea Fundi karatasi ile kiwanjani, akiwa amekaa juu ya mkeka wake kati ya vijiti. Aliipokea, akaitazama kwa muda.

"Mlango wa uani uko wapi?"

"Haupo, Fundi. Hakuna ua. Jikoni kuna mlango wa ubavuni wa kutolea takataka."

Akaigeuza karatasi kichwa chini, akaitazama tena kwa makini yale yale. "Hata hivi hauonekani."

Sikucheka. Akaniuliza, "Mama atakaa wapi?"

"Chumba chake hiki hapa, mbele kabisa. Dirisha la vioo. Ataiona dunia yote inavyopita."

"Na dunia itamwona?"

"Kwani ana nini cha kuficha?"

"Miguu," alisema Fundi. "Mtu mzima akikaa hunyoosha miguu."

Nilimwambia, kwa sauti niliyoitumia darasani, kwamba ua ni gereza la wanawake na sisi tumekwisha kujitawala.

"Basi kamwulize mfungwa."

"Fundi, nimekuja na ramani, sikuja na swali."

Alinyanyuka, akakung'uta mkeka. "Sikiliza, mwalimu. Wewe utamfungulia mama dirisha, naye atalifunga. Mimi nikimzungushia ukuta, atashinda nje. Chagua." Nilipoionyesha tena karatasi, alikusanya kamba yake na timazi, akaviacha vijiti vyake pale pale, akaenda zake. Nyumba ilijengwa na mwashi mwingine aliyejua kusoma ramani. Ilikuwa nyumba nzuri. Watu walikuja kuitazama. Mama aliingia, akapita vyumba vyote polepole akigusa kuta, akasema, "Nyumba nzuri, mwanangu." Kabla ya mwezi kwisha aliniomba pazia la dirisha lake. Nilimletea kitambaa kizito cha kijani, nikafurahi kwamba anaipamba nyumba.

Mpaka hapo kosa langu lilikuwa la ujinga. Lililofuata lilikuwa la makusudi. Zilipofika siku za watu kuhamia katika vijiji vya ujamaa, nilikuwa katibu wa kamati iliyochagua waashi wa kijiji kipya karibu na Kigwa. Mjumbe mmoja akapendekeza Fundi awe mkuu wa ujenzi. Nilisimama. Nilisema kwamba huyu ni fundi wa nyumba za kujificha, na kwamba taifa jipya linahitaji nyumba zilizopangwa mstari, zinazotazama barabara, ambamo kila raia anamwona mwenzake. Nilipigiwa makofi. Fundi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akaomba kusema.

"Mwalimu amesema kweli," alisema. "Mimi hujenga mahali pa kujificha. Hata kuku akitaka kutaga hupatafuta."

Watu walicheka sana, kisha wakamchagua mwingine. Yeye alikwenda Kigwa hata hivyo, si kama mwashi, bali kama mfyatua matofali, na baada ya maneno yangu hakuna mtu wa ofisi aliyempa tena nyumba ya kujenga mjini. Nilijua. Nilijiambia kwamba ni gharama ya maendeleo, bila kujiuliza kwa nini gharama hiyo ilipelekwa kwake badala ya kuja kwangu.

Miaka ikapita. Nilitoka nyumbani kabla jua halijapanda na kurudi jioni, nikimkuta Mama jikoni akipika. Halafu mwaka mmoja homa ikaniangusha, nikalazimika kulala nyumbani siku saba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishi ndani ya nyumba yangu mchana. Nililala sebuleni, kwenye kochi, chini ya dirisha langu pana. Jua lilinipiga tangu saa tatu. Na kila aliyepita alinitumbulia macho kwa heshima: "Shikamoo, mwalimu! Pole, mwalimu! Umelala, mwalimu?" Nilijifunika shuka, nikajifunua kwa joto, nikajifunika tena kwa aibu ya kifua wazi. Siku ya pili nilimwomba Mama alete kitambaa alizibe.

Alikileta haraka sana, kama mtu anayejua kazi hiyo. Nikageuza kichwa, nikamwona amekaa pembeni ya kitanda chake, mlango wa chumba ukiwa wazi, pazia la kijani limeshuka, ushungi kichwani ndani ya nyumba yake mwenyewe, mikono imelala mapajani. Hapakuwa na ukili. Kila asubuhi wiki ile mwanamke mmoja alibisha mlango wa jikoni, Mama akaenda akanong'ona naye, mwanamke akaondoka. Nilidhani anaazima moto. Na Mama akarudi kitandani, akakaa, akaningoja nipone. Nilihesabu miaka. Nikajua kwamba hivi ndivyo nilivyomfanya akae miaka yote hiyo.

Nilipopata nguvu nilipanda treni kwenda Kigwa.

Kijiji kilikuwa kama nilivyokitaka: nyumba zimesimama mstari, zote zinatazama barabara. Lakini nilipopita nyuma kumtafuta Fundi, niliona kila nyumba, bila kusaza hata moja, imeongezewa wigo wa mabua ya mtama, na ndani ya kila wigo kuna moshi, sauti za watu na nguo zilizoanikwa. Mbele ya nyumba, pale tulipopapanga, hapakuwa na mtu.

Nilimkuta amekaa kando ya rundo la matofali mabichi. Alikuwa amezeeka. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwalimu." Alinijua kwa sauti. "Umekuja kukagua mstari?"

"Nimeziona nyua. Nani aliwaelekeza watu?"

"Nani humwelekeza kuku?"

Nilijikaza. "Fundi, yale niliyosema mkutanoni..."

"Nilikuwepo. Usiyarudie, uliyasema vizuri mara ya kwanza."

Basi nikamweleza habari ya Mama: pazia, kitanda, mikono. Nilimwomba aje Cheyo auvunje ukuta wa nyuma. Alininyoshea mikono yake, ikatetemeka yenyewe hewani. Hakuweza tena kushika mwiko, alisema, lakini mwashi yeyote ataweza akiambiwa. Hapo nikatoa karatasi. Naona haya kuandika hivi: nilikuwa nimechora upenu kwa rula, na vipimo vyote nimevitoa kichwani mwangu.

Hakuipokea. "Macho yangu yamekufa nusu, na nusu iliyobaki siipi karatasi. Mkeka wa mama una upana gani?"

"Sijui."

"Urefu?"

"Sijui, Fundi."

"Umelelewa juu yake," alisema, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nenda kapime. Mwambie mwashi aongeze shubiri mbili. Aushushe kiganja kimoja chini ya sakafu. Na mlango utazamane na wa mbele, hata kama itabidi auvunje ukuta wa chumba chako."

Nilirudi kesho yake, nikafika nyumbani kama saa tano, saa ambayo sikuwa na desturi ya kuonekana. Chumba cha Mama kilikuwa kitupu. Pazia limeshuka, kitanda kimetandikwa, mkeka hakuna. Nilimwita, nikazunguka nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza kwenda nyuma yake tangu ilipojengwa. Pale, kutoka mlango ule wa takataka, niliona njia nyembamba iliyokanyagwa katika nyasi, imegandamana kama saruji. Njia ya namna ile haikanyagwi kwa wiki moja. Iliishia kwenye wigo wa mabua wa nyumba ya jirani, nyumba ya mfanyakazi wa reli aliyehamia kutoka Nzega. Ndani ya wigo mtu alikuwa akicheka. Ilinichukua muda kukitambua kicheko cha mama yangu.

"Hodi!"

Kicheko kikakatika.

"Karibu, mwalimu," ikajibu sauti ya mwanamke. "Leo umepotea njia?"

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka wake chini ya kipaa kidogo cha nyasi, kichwa wazi, miguu ameinyoosha, ukili mkononi, na mkeka mpya umefika nusu mbele yake. Aliponiona aliikunja miguu na kuvuta ushungi. Alimficha mwanawe miguu yake. Mwanamke mwenye nyumba, yule yule niliyedhani anaazima moto, alinisogezea kigoda.

"Tangu lini, Mama?"

Jirani akajibu kwa niaba yake. "Tangu ule mwaka wa pazia, mwalimu. Niliona dirisha limefungwa siku tatu, nikadhani pana msiba. Nikaenda kupiga hodi. Bibi akaniambia hana msiba, hana tu pa kukaa. Nikamchukulia mkeka."

"Wiki ile ya homa?"

"Alinifukuza kila siku! Alisema ukijua utaumia."

"Ulijenga kwa furaha, mwanangu," alisema Mama, macho yake yakiwa katika ukili. "Ningekwambiaje?"

Niliupima mkeka kwa kamba, Mama akiwa amekaa juu yake. Upenu ulijengwa kama Fundi alivyoagiza, ukuta wa chumba changu ukavunjwa, ua ukazungushwa. Mama alitoka, akagusa nguzo, akakaa, akasema, "Upenu mzuri, mwanangu." Yalikuwa maneno yale yale na sauti ile ile. Siku za Jumamosi na Jumapili, nilipokuwa nyumbani, alishinda hapo kwa ajili yangu. Siku nyingine nilikuta nyasi za ile njia bado zimelala. Sikumlaumu. Wanawake wake walikuwa wamekwisha kuzoea upande wa pili, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunza kuitikia salamu ya "mwangaluka" kama mtu wa Nzega.

Masika ya pili tangu hapo Mama alifariki. Siku za matanga zilipokwisha nilikwenda Kigwa, kwa kuwa niliona Fundi anastahili kuisikia habari hiyo kutoka kinywani mwangu. Alikuwa haoni tena kabisa. Alikuwa amekaa ndani ya wigo wa nyumba aliyopewa, na nilishangaa kumkuta nje, yeye aliyependa giza. Nadhani kwake giza lilikuwa sasa kila mahali. Alimwombea Mama, kisha akauliza:

"Alikaa?"

"Alikaa, Fundi. Jumamosi na Jumapili."

"Na siku nyingine?"

Nikamweleza yote: njia, kipaa cha nyasi, mwaka wa pazia. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha.

"Mimi nilimwacha," alisema. "Siku ile nilikukasirikia wewe, nikaondoka na kamba yangu. Sikukumbuka kwamba mwashi akigombana na mwenye nyumba, anayebaki juani ni yule asiyegombana na mtu." Akainua uso. "Anaitwa nani?"

"Nani, Fundi?"

"Yule aliyemjengea mama yako."

"Mke wa mfanyakazi wa reli. Jirani yangu."

"Sikukuuliza ameolewa na nani."

Nilikuwa nimeishi kando ya mwanamke yule miaka mingi; nilimsalimu akiwa na ndoo kichwani; alimwosha mama yangu pamoja na wanawake wengine siku ya mazishi; na mimi, niliyejivunia kujua jina la kila mtoto wa shule yangu, sikuwahi kumwuliza lake. Fundi aligeuza uso upande mwingine, kama alivyokuwa akifanya alipoomba mkeka mlangoni pa watu. Hatukuonana tena, alifariki mwaka uleule.

Siku ile ya kurudi, niliposhuka kwenye treni sikuingia kwangu. Nilipita nyuma, nikafuata ile njia katika nyasi, nikapiga hodi kwenye wigo. Alikuwa peke yake, akimenya karanga. Aliniona uso, akasimama ghafla, akadhani pana msiba mwingine. Nilimwambia hapana msiba; nimekuja kuuliza jambo moja ambalo ilinipasa kulijua zamani. Aliposikia ni jambo gani alicheka, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Miaka yote hii, mwalimu! Pamoja na kusoma kwako kote!"

Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akaniambia. Anaitwa Kabula.